Maswali ya Wasomaji: Kufunga Nzi wa Kumeta kwa Ajili ya Stilihedi

Barua za toleo hili zinahusu nzi bandia, yaani ndoana zilizofungwa manyoya na nyuzi, wa kuvulia stilihedi, samaki wa mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, na tumeanza na ile iliyohitaji maelezo marefu kuliko nyingine.

SWALI: Mimi ni fundi wa kufunga nzi bandia katika karakana moja jijini Nairobi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa nzi wadogo wa trauti wanaouzwa Ulaya. Sasa mteja wa Marekani ameagiza nzi wakubwa wa stilihedi. Sampuli aliyotuletea ina manyoya laini ya rangi ya chungwa, nyekundu na zambarau, pamoja na nyuzi chache za kumeta. Mimi niliziongeza nyuzi hizo nikidhani atapendezwa, lakini amenirudishia kazi yote akisema kwamba nzi wangu wanang'aa lakini hawaogelei. Naomba unieleze anataka nini hasa, na nzi wa namna hii afungwe vipi. (Fundi wa Nairobi)

JIBU: Mteja wako hakukuonea, fundi, na ili uyaelewe malalamiko yake itakubidi kwanza umjue samaki mwenyewe. Stilihedi ni trauti yuleyule wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, ambaye wakoloni walimpandikiza katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti yake ni kwamba yeye huzaliwa mtoni, hukaa huko kwa mwaka mmoja hadi mitatu hivi, kisha huteremka mpaka Bahari ya Pasifiki, ambako hunenepa kwa ngisi, uduvi na samaki wadogo kabla ya kurudi kutaga katika mto alikozaliwa. Makao yake ya asili ni mito ya pwani kuanzia California hadi Alaska, na ng'ambo ya bahari hiyo, rasi ya Kamchatka nchini Urusi. Mara nyingi hurudi akiwa na uzito wa kilo 3 hadi 5, na wapo wanaozidi hapo kwa mbali. Samoni wa Pasifiki hufa wakishataga, lakini baadhi ya stilihedi hurudi baharini na kuja tena msimu mwingine.

Linalokuhusu wewe mezani ni kwamba samaki huyu, akishaanza kuupanda mto, hula kidogo sana. Anaishi kwa mafuta aliyoyaleta kutoka baharini. Nzi wako wa Ulaya wamefungwa ili wafanane na mdudu fulani anayeliwa saa fulani ya siku, na trauti mwenye njaa huwakagua kabla ya kuwameza. Huyu wa stilihedi hahitaji kufanana na kiumbe chochote, kwa kuwa kazi yake ni kuonekana na kuchokoza. Kwa nini samaki asiye na njaa aume kitu kinachompitia puani? Wapo wavuvi wanaosema ni hasira ya kulinda mahali alipojipumzisha, wapo wanaosema ni mazoea ya utotoni, alipokuwa akila wadudu katika mto huohuo, na wapo wanaosema ni udadisi, maana samaki hana mkono wa kushikia kitu anachotaka kukijua. Mimi naziamini sababu zote tatu, na kwa fundi haidhuru ni ipi iliyo ya kweli, kwa kuwa zote zinadai jambo moja: nzi aonekane kitu kilicho hai.

Uhai huo hauletwi na mkono wa mvuvi. Mvuvi wa stilihedi husimama ndani ya maji, akiwa na ufito wa kushikwa kwa mikono miwili wenye urefu wa mita 4 hivi, akamrusha nzi kwa mshazari kuelekea ng'ambo na chini ya mto. Mkondo ukishaukaza mshipi, nzi huvuka mto polepole kwa mzingo mpana mpaka anapokuja kusimama moja kwa moja chini ya mvuvi. Kisha mvuvi husogea hatua moja au mbili na kurusha tena. Katika safari hiyo yote mvuvi havuti wala hatikisi, kwa hiyo kila mtukutiko wa nzi lazima utokane na manyoya yenyewe yanavyofunguka na kujifumba katika mkondo. Hapo ndipo nyuzi zako za ziada zilipoharibu kazi. Nyuzi za kumeta ni vipande vyembamba vya plastiki vilivyopakwa rangi ya madini. Hazinywi maji, hazichezi kama manyoya, na zikiwa nyingi hushikamana zikawa ufagio unaoyabana manyoya yaliyo chini yake. Zaidi ya hayo, mmeto unaomshtua samaki ni ule unaowaka na kuzimika nzi anapogeuka. Nzi aliyefunikwa kwa nyuzi hizo pande zote hung'aa bila kukoma, na hapo mmeto wake haumshtui tena samaki.

Kwa jinsi ulivyoieleza, sampuli ya mteja inafanana kabisa na nzi anayeitwa Popsicle, mmoja wa jamii ya nzi wa manyoya laini waliobuniwa na George Cook kwa ajili ya mito ya Alaska, ambao baadaye wavuvi wa stilihedi waliwachukua wakawafanya wao. Ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu una vitu vichache na hauna pa kufichia uzembe.

Chukua ndoana nambari 2 kwa mito midogo na maji ya kiangazi, au 1/0 na 2/0 kwa mito mikubwa ya majira ya baridi. Wewe uliyezoea nambari 14 na 16 unajua kwamba nambari ikikua ndoana hupungua. Kumbuka tu kwamba baada ya nambari 1 hesabu hugeuka, na 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Ndoana iwe ya chuma kinene kilichopakwa nyeusi, yenye tundu lililoinuka juu, na waya wa tundu hilo uwe umerudi nyuma kidogo juu ya mguu wa ndoana ili mshipi usikatwe na ncha yake. Kabla hujafunga chochote, kibane kwa koleo kile kijino cha ndani cha ndoana mpaka kilale. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kwa mfano, kanuni za uvuvi wa mitoni zinataka ndoana moja isiyo na kijino, na mito mingi ya stilihedi nchini Marekani ina sharti kama hilo. Ifanye kazi hiyo mwanzo kabisa, kwa sababu chuma kikivunjika utakuwa umepoteza ndoana tupu badala ya nzi aliyekamilika.

Ibane ndoana kwenye jiliwa, kisha uanze uzi nyuma ya tundu, ukiacha nafasi tupu iliyo sawa na upana wa tundu mara mbili. Nafasi hiyo ni mali ya kichwa cha nzi, na hairuhusiwi kuguswa na kitu kingine chochote hadi mwisho. Uzi wa deniari 140 (deniari ni kipimo cha unene wa uzi) unatosha. Ule mwembamba uliouzoea utakatika, kwa kuwa hapa utavuta kwa nguvu zaidi. Funika kwa uzi ule waya uliorudi nyuma ya tundu ili pasiwe na ngazi, nenda nao mpaka juu ya ncha ya ndoana, kisha urudi katikati ya mguu. Ukipenda, vingirisha utepe bapa wa dhahabu kwenye nusu ya nyuma. Wengine huiacha wazi, na stilihedi hawajaonekana kulalamika.

Sehemu inayofuata ndiyo mafundi wengi huiruka, kisha wakashangaa nzi wao akilala kama aliyepigwa. Katikati ya mguu tengeneza kifundo kidogo cha sufu, chenye ukubwa wa punje ya mtama, kilichokazwa vizuri. Unyoya utakaozungushwa mbele ya kifundo hicho utaegemea juu yake na kusimama mbali kidogo na mguu, ili mkondo ukiubonyeza uweze kurudi. Bila kifundo, manyoya laini yakilowa hujilaza juu ya chuma moja kwa moja, na hakuna kitu cha kuyainua.

Sasa twaa unyoya laini wa bata mzinga wa rangi ya chungwa. Uchague wenye uti mwembamba na vinyoya virefu vinavyolingana pande zote mbili, kwa sababu uti mnene hauzunguki bila kuvunjika. Ufunge kwa upande wa ncha, si wa shina, loweka vidole vyako, vilaze vinyoya vyote nyuma, kisha uzungushe mara mbili au tatu, kila mzunguko ukiwa mbele ya uliotangulia bila kuukanyaga. Ukifunga kwa upande wa ncha, vinyoya vifupi hutangulia na virefu huja mbele yake, na nzi hupata umbo la kupungua kuelekea mkiani. Vinyoya vilivyo virefu zaidi vipite pindo la ndoana kwa kiasi kidogo tu. Vikizidi sana, samaki atauma mkia mtupu, mvuvi atahisi mguso ambao hauishii popote, na lawama zitarudi karakanani kwako.

Baada ya chungwa ndipo zije nyuzi za kumeta. Tumia tatu za dhahabu. Zipitishe nyuma ya uzi wa kufungia ili zijikunje katikati, ziteremshe pamoja na uzi mpaka zikae juu ya mguu, kisha ugawe nusu upande huu na nusu upande ule na uzikaze. Kwa njia hiyo nyuzi 3 zimekuwa 6, na hakuna hata moja inayoweza kuchomoka, kwa sababu kila moja imejikunja ndani ya uzi. Zikate kwa urefu usiolingana, baadhi zipite manyoya kwa upana wa kidole na nyingine ziishie ndani yake. Zikikatwa sawasawa huonekana kama zilizopigwa mkasi, na humeta zote kwa wakati mmoja. Kisha zungusha unyoya mwekundu kwa namna ileile, na mbele yake ongeza nyuzi mbili tu za zambarau kwa njia hiyohiyo ya kukunja. Mwisho ni unyoya wa zambarau, ambao uwe mfupi kidogo kuliko miwili ya kwanza ili rangi za nyuma zichungulie. Nzi mkavu ataonekana zambarau karibu mwili mzima; akiingia majini zambarau hubanwa na mkondo, na chungwa hujitokeza na kujificha chini yake. Nadhani huo ndio uogeleaji ambao mteja wako aliukosa.

Ukitaka kuuimarisha mkufu wa mbele, yaani mzunguko wa manyoya ulio nyuma ya kichwa, zungusha mara mbili unyoya wa kanga uliotiwa rangi. Vinyoya vya kanga ni vigumu kuliko vya bata mzinga, huvizuia vile laini visijikunje kuzunguka pindo la ndoana wakati wa kurusha, na madoadoa yake huonekana vizuri hata yakitiwa rangi nzito. Malizia kwa kichwa kidogo, funga fundo la kumalizia mara mbili, paka vanishi mara mbili ukiiacha ikauke katikati, na uhakikishe tundu ni safi. Tundu lililozibwa na vanishi huudhi wanunuzi kuliko kosa lolote la rangi, kwani mvuvi hulitambua akiwa tayari yumo majini na vidole vimekufa ganzi.

Kabla hujaufungasha mzigo, mshike nzi mmoja kwa uzi na umwingize kwenye maji yanayotiririka taratibu kutoka bombani hadi kwenye karai. Ukimwona amekuwa mwembamba lakini vinyoya vyake vinatetemeka, amefaulu. Akibaki mnene, punguza mzunguko mmoja wa kila unyoya, na ukiona plastiki kwanza kabla ya manyoya, toa nyuzi mbili. Vilevile zivute nyuzi za kumeta moja moja kwa vidole, na kichwa ukisokote kidogo kuona kama kinazunguka juu ya mguu. Kwa kuwa mnauza kwa dazeni, weka alama za vipimo kwenye ukingo wa meza, moja ya urefu wa manyoya na moja ya urefu wa nyuzi, maana jicho la saa nane mchana si jicho la saa mbili asubuhi.

SWALI: Nimesoma kwamba manyoya haya laini ya nzi wa kumeta yalikuwa ya ndege kongoti. Hapa Kisumu kongoti wamejaa jalalani na manyoya yao yametapakaa chini. Je, siwezi kuyaokota na kuyatia rangi mwenyewe badala ya kununua yanayoagizwa kutoka nje kwa bei ghali? (Msomaji wa Kisumu)

JIBU: Usiyaokote. Ni kweli kwamba zamani manyoya ya chini ya mkia wa kongoti yalitumika kupambia nguo na kofia za Ulaya, na baadaye yakaingia katika uvuvi, lakini manyoya yanayouzwa leo kwa mafundi ni ya bata mzinga wa kufugwa. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki na kuuza nyara za wanyama na ndege wa mwituni bila kibali, na mzigo wenye manyoya ya ndege wa mwituni ukikaguliwa unapoingia Marekani unaweza kuzuiwa pamoja na nzi wote waliomo. Tena manyoya yaliyolala jalalani yana uchafu na wadudu ambao hutapenda kuwaingiza ndani ya sanduku lako la vifaa.

Wazo lako la kutia rangi mwenyewe, hata hivyo, ni zuri. Watafute wafugaji wa bata mzinga na uombe manyoya meupe, kwa sababu rangi kali za nzi wa stilihedi hazikubali juu ya unyoya wa kahawia. Yaoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka mafuta yote yatoke. Unyoya wenye mafuta hupokea rangi kwa mabaka. Tumia rangi za asidi, zile zinazotumika kwa sufu na hariri. Rangi za pamba hazishiki vizuri kwenye manyoya, na nzi atauacha wekundu wake mtoni. Chemsha maji, yaache yatulie chini ya kiwango cha kuchemka, koroga rangi, tumbukiza manyoya yakiwa tayari yamelowa, kisha uongeze siki kidogo kidogo. Siki ndiyo inayoifanya rangi ishikamane na unyoya, kwa hiyo ukiitia mapema mno rangi hushika upande mmoja kabla haijaenea. Maji yakichemka sana uti hukauka na kuvunjika mezani. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha uyakaushe ndani ya mfuko wa kitambaa huku ukiyatikisa mara kwa mara, la sivyo yatakauka yameshikana.

SWALI: Ninaishi Tacoma, katika jimbo la Washington, na kazini nimefundishwa uvuvi wa stilihedi. Wenzangu wana visanduku vyenye nzi wa kila rangi, na kila mmoja huapa kwa rangi yake. Nikitaka kufunga nzi wachache tu wa kuvutia, nichague rangi gani, na kumeta kiasi gani? (Mvuvi mpya, Tacoma)

JIBU: Yaangalie maji kabla ya kuwasikiliza wenzako. Maji yakiwa maangavu na ya kina kifupi, samaki huona vizuri na hushtuka upesi, kwa hiyo nzi awe mdogo, mweusi zaidi, na mwenye mmeto wa kudokeza tu. Nzi wa zamani anayeitwa Green Butt Skunk ni kielelezo chake: mwili mweusi wa shenili (uzi mnene wenye vinyweleo) uliozungushiwa utepe wa fedha, mkia mwekundu, bawa la nywele nyeupe, na nyuma ya mwili pete nyembamba ya kijani kali. Hiyo pete na ule utepe ndiyo mapambo yake yote, na bado ni miongoni mwa nzi wanaotumiwa sana kwa stilihedi wa kiangazi. Maji yakichafuka kwa mvua, ongeza ukubwa na uje kwenye chungwa, nyekundu na pinki. Jimbo lako lina mfano wake maarufu, Skykomish Sunrise, aliyebuniwa na Ken McLeod na mwanawe George kwa kufuata rangi za mapambazuko juu ya Mto Skykomish, ambaye mwili wake ni mwekundu, na manyoya yake ya shingo ni mekundu na ya manjano yaliyochanganywa.

Utaambiwa kwamba nyekundu haifai kwa sababu maji huimeza kabla ya rangi nyingine. Hilo ni kweli katika maji safi ya kina kirefu, lakini maji ya mto yaliyogeuka kahawia kwa majani yaliyooza humeza buluu kwanza na kuziacha chungwa na nyekundu zipite. Zambarau katika maji hayo huonekana karibu nyeusi, na si hasara, kwa kuwa nyeusi hutoa kivuli kinachosomeka dhidi ya anga hata jioni. Rangi zile kali zinazowaka hufanya kazi kwa namna nyingine: hupokea mwanga usioonekana au wa buluu na kuutoa ukiwa chungwa au kijani, na ndiyo maana hung'aa hata siku ya mawingu. Ningekuwa wewe, ningefunga aina mbili tu, mmoja mweusi na wa zambarau wenye nyuzi 2 za kumeta, na mmoja wa chungwa na nyekundu wenye nyuzi 6, kila mmoja kwa ukubwa wa aina mbili. Mvuvi anayebadilisha nzi kila dakika hutumia muda mwingi nje ya maji kuliko nzi wake ndani.

Kabla ya kila safari soma kanuni za idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, kwa sababu mito hufungwa kwa taarifa ya ghafla. Stilihedi wa Puget Sound, ile ghuba ya bahari iliyo karibu nawe, waliorodheshwa mwaka 2007 kuwa samaki walio hatarini chini ya sheria ya shirikisho. Samaki waliotoka kwenye vituo vya kuzalishia hutambulika kwa kukatwa lile pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia; ukiliona lipo, usimtoe samaki majini, mfungue na umwachie aende.

SWALI: Je, nzi huyu wa stilihedi anaweza kutumika kwa trauti wa Mto Thego au Sagana? (Msomaji wa Nyeri)

JIBU: Anaweza, akipunguzwa. Trauti wa mito hiyo wanakula mwaka mzima na hawahitaji kuchokozwa sana, kwa hiyo kwa siku za kawaida nzi wako wa kuiga wadudu wanatosha. Mvua ikinyesha juu mlimani na mto ukawa wa rangi ya chai, funga nzi mweusi wa manyoya ya bata mzinga kwenye ndoana nambari 8, mwenye unyoya mmoja tu uliozungushwa mara mbili na nyuzi 2 za kumeta zilizokunjwa kuwa 4, umpitishe kando ya mawe makubwa ambako mkondo unapungua kasi.